Mbogi ya Misheni na Jembe la Siku ya Tatu

Mangware ya Jumanne, saa kumi na mbili kasoro robo, ukungu bado umelalia migomba, tukaskia hodi. Si hodi ya karao. Ni hodi ya adabu: mara tatu, kimya, halafu mara tatu tena. Nikafungua nikiwa nimejifunga blanketi. Mama mwenyeji wetu amesimama pale na kanga zake mbili, na ukutani nyuma yake ameegemeza majembe manne, yamepangwa kama magitaa ya bendi.

"Mmeamkaje, wanangu? Leo ni siku ya tatu."

Msee wetu wa gitaa akainua kichwa kwa godoro. "Siku ya tatu ya nini?"

Mimi nilishika rada hapo hapo. Hiyo methali tuliimeza tukiwa watoi wa darasa la nne na sikuwahi kudhani siku moja itanibishia mlango: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na cha kuchekesha, jembe ndilo tulitoka Nairobi kulitafuta. Tulikuwa tumelililia tangu Jumapili na kila tukiliomba tunapewa chai.

Wacha nirudi nyuma kidogo.

Sisi ni mbogi ya mayuthi kumi na mmoja kutoka kanisa moja la Eastlands. Mwezi wa nane shule zikifungwa, makanisa mengi ya mtaani hutuma mayuthi wao misheni: Turkana, Kitui, Kilifi huko. Yetu ikaamua kuvuka boda. Tukachangisha doo miezi minne, tukaosha magari, tukauza chapo baada ya ibada, tukachapisha tisheti za kijani zenye neno MISHENI mgongoni, kubwa hadi unaweza kulisoma ukiwa gorofa ya tano. Basi ya usiku hadi Busia, Kampala, Masaka, ikatutema Mutukula na kadi zetu za homa ya manjano mkononi. Hapo ukivuka tu kuingia Tanzania, kila kitu kinapunguza spidi. Hata makanga anasema "naomba nauli". Naomba! Mimi nimetoka mahali makanga hukuuliza kama umepanda na macho.

Ukitoka Mutukula unafika Kyaka, unavuka mto Kagera pale ambapo daraja la zamani lilivunjwa na jeshi la Idi Amin mwaka 1978, halafu lami inapanda milima hadi Omurushaka na Kayanga, makao ya wilaya ya Karagwe. Sisi tulikuwa tunaenda mbele zaidi, Kyerwa, upande wa Nkwenda. Kyerwa ilikatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kwa hivyo wazee bado husema "Karagwe" wakimaanisha zote mbili. Mbele kabisa kuna Murongo, na ukivuka mto tena hapo uko Kikagati, Uganda. Yaani tulizunguka nchi nzima ya watu ili tuje tuitazame kutoka upande wa pili.

Jumapili, siku ya kwanza, ndiyo tulijua Sheng haina pasipoti. Msee wetu wa mahubiri akasimama mbele ya kanisa, mikono hewani: "Niaje wasee wa Yesu!" Kimya. Babu mmoja wa benchi la mbele akamhurumia. "Nzuri, baba." Jamaa akaendelea hivyo hivyo, akibonga vile sisi hubonga, na mwinjilisti akimtafsiria kwa Kinyambo, hadi alipokwama katikati. "Samahani mtumishi, rada ni kitu gani?" Jamaa akafikiria. "Rada ni kama... form." "Na form?" Hapo mwinjilisti akageukia kanisa, akatoa sentensi moja fupi ya Kinyambo, na watu wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Hadi leo hatujui alisema nini.

Ni huyo huyo mwinjilisti aliyetukaribisha "mtaani kwake". Sisi tukaona vibanda, pool na ngoma. Kumbe kwa Walutheri wa huku mtaa ni tawi la usharika. Usharika una mchungaji, na kila mtaa una mwinjilisti wake, kama vile kila nganya ina dere. Mtaa wake ulikuwa kanisa la matofali ya kuchoma, mikaratusi sita, na kengele iliyotengenezwa kwa rimu ya lori. Nikajaribu kumweleza kwamba kwetu ukisema umetoka mtaani watu hushika mifuko. Akauliza, "Kwani kanisani kwenu wanaibiana?" Nikabadilisha stori.

Baada ya ibada kuna mnada. Si kila mtu ana noti ya kutoa sadaka, kwa hivyo watu huleta kile shamba limetoa: mkungu, mayai, maharage, kuku aliyefungwa miguu. Vinauzwa hapo nje, mzee wa kanisa akipaza sauti. Msee wa gitaa akaskia "mayai manne, elfu mbili!" akapiga hesabu mbio mbio, shilingi yetu moja ni karibu ishirini za huku, akaona hiyo ni kama soo tu, akainua mkono. Elfu tatu. Elfu nne. Akashinda. Watu makofi. Akabeba mayai yake kwa fahari, halafu wote wakaendelea kumwangalia. Wakaendelea. Mwinjilisti akamnong'oneza kwamba mtu akipenda huyarudisha yanadiwe tena. Akayarudisha. Yakauzwa tena, yakarudishwa tena. Hayo mayai manne yalifanya kazi ya Mungu kuliko sisi wote kumi na mmoja siku hiyo.

Jumatatu tukataka kazi. Programu yetu ilisema "kupaka rangi darasa", tulibeba hadi brashi. Tukapelekwa kwanza kwa mtendaji wa kijiji, tukaandika majina kwa kitabu cha wageni, tukasomwa, tukakaribishwa. Halafu akatuambia kwa upole kwamba darasa lilipakwa rangi mwezi wa saba, na fundi aliyelipaka ndiye yule amekaa pale chini ya mwembe. Fundi akatupungia mkono. Jamaa wa rika letu, na suruali yake bado ina matone ya bluu. Usiku huo manzi anayeshika doo za grupu akapiga hesabu ya nauli zetu dhidi ya malipo ya yule fundi, akafunga daftari bila kutupa jibu. Tulilijua kutokana na vile alifunga.

Kwa hivyo Jumatatu yote tulikuwa wageni. Unafika boma, unapewa kiti, wanakaa chini wao. Unapewa kahawa ya kutafuna: tunda zima la kahawa lililochemshwa na majani ya porini na kukaushwa, unaitia mdomoni ukiwa na wenyeji wako, mnabonga. Chungu, halafu inakuwa tamu nyuma ya ulimi, halafu saa nane za usiku bado unaangalia dari. Salamu peke yake inaweza kumaliza robo saa. Mimi ndio nilikuwa na haraka kuliko wote, juu kichwani kwangu hiyo haikuwa misheni, ilikuwa kungoja misheni ianze.

Nilichanuka pole pole. Wiki moja ni saizi ya mgeni. Hakuna vile itageuka kuwa saizi ya mwokozi, hata uichapishe tisheti. Injili yenyewe huku haikutungoja: Laurean Rugambwa, aliyekuwa kadinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, ni mtoto wa mkoa huu wa Kagera, na Josiah Kibira, askofu wa Bukoba, ndiye Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Walutheri Duniani, mwaka 1977. Dayosisi ya Karagwe ya kanisa la Kilutheri, KKKT, iko tangu 1979, na ina hospitali yake Nyakahanga. Sisi tulikuja na gitaa moja na spika ya bluutuuthi. Kama kuna kitu tungeweza kukifanya vizuri kwa siku saba ni kuwa wageni, na hata hiyo tulikuwa tunaifanya vibaya.

Sasa, Jumanne. Jembe.

Nyumba ya mama imezungukwa na kibanja chake, kama nyumba nyingi za huku. Migomba juu, mibuni ya robusta chini yake, maharage yakijaza nafasi zinazobaki msimu ukifika. Ukisimama nje huoni nyumba, ukisimama ndani huoni barabara. Kazi ya siku: mashimo ya migomba mipya, ili vuli ikianza Septemba udongo uwe tayari. Futi mbili kwenda chini, futi mbili kila upande. Tukaangaliana. Sisi wanne wa nyumba hii, shimo ni shimo, saa nne tutakuwa tunadishi.

Hiyo ardhi haikuwa imeona mvua ya maana tangu Juni. Jembe linashuka, linaruka, linarudi na salamu hadi kwa meno. Kufika saa moja na nusu nilikuwa na malengelenge mawili, na manzi wetu wa kamera, ambaye alikuwa amekuja kupiga picha za wengine wakifanya kazi, alikuwa ameambiwa kwa sauti tamu kabisa, "Mwanangu, simu iweke kwenye kanga yangu hapa, isiingie vumbi." Akapewa jembe la nne. Simu haikuonekana tena hadi jioni.

Na kuchimba si kuchimba tu. Udongo wa juu, ule mweusi, unauweka kulia. Ule mwekundu wa chini unauweka kushoto. Siku ya kupanda, mweusi unachanganywa na samadi unarudi kwanza, ndio mzizi uanze maisha na kitu cha kula. Msee wa gitaa alikuwa amepiga shimo moja zima kwa fujo, nyeusi na nyekundu zikawa chungu moja. Mama akaitazama. "Baba, umemwaga chai kwenye mchuzi." Akaanza kutenganisha kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, bila kununa, na hiyo ilimuuma jamaa kuliko kama angetukanwa.

Akataka kujikomboa. Akaona mgomba una majani makavu yananing'inia, akachukua panga, akaenda kuyakata. Mama aliruka kama goalkipa. Akamnyang'anya panga, akawasha moto wa majani makavu, akalipitisha panga kwenye moto upande huu, upande ule, polepole, midomo ikitembea. Jamaa akanisogelea akiwa amekauka. "Buda. Hii si ni matambiko?" Akaanza kukemea kwa sauti ya chini. Mimi pia, nisidanganye, nilianza kutafuta mstari.

Kumbe mama alikuwa anahesabu. Ni mnyauko. Ugonjwa wa bakteria ulioingia mkoa wa Kagera mwaka 2006 na kuondoka na vibanja vizima: majani yananjanoka na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza, na dawa ya kuutibu hakuna. Unasafiri kwa panga, kutoka mgomba mgonjwa hadi mzima, na kwa wadudu wanaotembelea ua dume pale chini ya mkungu. Kwa hivyo chombo kinapita motoni, na ua dume linavunjwa kwa kijiti chenye panda, halikatwi na kisu. Mgomba ukiugua unang'olewa. Mama aliwahi kung'oa upande mzima, ndio ule tulikuwa tunachimba. Hizo mashimo zetu zilikuwa zinajaza pengo la migomba iliyokuwa ikilisha watu hapo.

Jamaa aliacha kukemea.

Saa nne, chai na viazi vitamu vya kuchemsha. Hapo ndipo kaka mkubwa wa baba mwenyeji alikuja na fimbo yake kutuangalia, akaketi, akapokea shikamoo zetu moja moja kama mtu anayehesabu pesa. Mzee anajua historia vile mimi najua rosta ya Gor Mahia. Akatuuliza kama tunajua sisi ni wageni wa ngapi. Hatukujua.

Akaanza na Rumanyika, mfalme wa Karagwe, aliyekaa Bweranyange. Wafanyabiashara wa pwani walishafika, Waarabu na Waswahili, wakaweka kituo chao Kafuro. Kisha mwaka 1861 wakaja Waingereza wawili, Speke na Grant, wakitafuta chanzo cha Nile. Rumanyika akawapokea vizuri mno, akawalisha, akakaa nao wakibonga. Sasa nyumbani kwa mfalme kulikuwa na wanawake walionyweshwa maziwa wanenepe, hiyo ndiyo ilikuwa heshima na urembo. Speke akafanya nini? Akamwendea shemeji ya mfalme na kitu cha kupimia. Akampima mkono, kifua, paja, akaandika kitabuni, na dunia nzima ikasoma.

"Mgeni," mzee akasema, "anampima mwenye nyumba."

Manzi wa kamera akaangalia chini. Jumapili alikuwa amepiga watoto wa watu picha kama mia mbili, na mwinjilisti alikuwa amemuuliza, bila ukali wowote, ni mama yupi kati ya mama zao amemwomba ruhusa.

"Na Grant je?" mimi nikauliza, ili stori isonge.

Grant aliumwa mguu. Kidonda kibaya. Speke akaenda Buganda mwezi wa kwanza 1862, mwenzake akabaki Karagwe amelala miezi kadhaa. Mzee anampenda Grant kuliko Speke, na nadhani najua kwa nini: hakuwa na mahali pa kukimbilia. Ilibidi akae.

Halafu akasema wa mwaka 1994. Hao hakuwacheka. Watu kutoka Rwanda, maelfu kwa maelfu, wengine wakiwa na magodoro kichwani, wengine bila kitu. Karagwe yote ikawa na kambi. Miti ya milimani ikaisha kwa kuni. Mwishoni mwa 1996 wakaambiwa warudi. Mzee alisema familia moja ilikaa kwenye kibanja chake kabla ya kwenda kambini, na asubuhi ya tatu aliwapa jembe, baba wa ile familia akalia.

"Kwa nini?" manzi wa kamera akauliza.

"Kwa furaha. Tangu atoke kwake hakuna aliyemwomba kitu."

Hatukuongea hapo kwa muda. Msee wa gitaa ndiye alikuwa wa kwanza kusimama, akarudi shimoni.

Chakula cha mchana ni ndizi. Na usiseme "ndizi na nini", huku ndizi ndicho chakula, vingine ni vya kusindikiza. Zimepikwa na maharage, laini, moto, na ubao ulikuwa umetuchapa hadi nikaongeza mara tatu. Niliomba kwa mdomo wa nyumbani, "Mama, nipe nyingine," halafu nikajishika. "Naomba." Kijana wa nyumbani akacheka. Anatuambia Wakenya hutoa amri hata wakiomba msamaha.

Ni yeye aliyetupeleka alasiri chama cha msingi cha ushirika, gunia la kahawa ya maganda likiwa kwa baiskeli, sisi tukisukuma kwa milima. Kahawa kavu inapimwa hapo na kwenda kwa chama kikuu, KDCU, kilichoanza mwaka 1990 na kinachohudumia Karagwe na Kyerwa zote mbili. Njiani akatuchanua neno: butura. Unauza kahawa ikiwa bado maua mtini. Mtoto amefukuzwa shule, mtu ameugua, kunakuja jamaa mwenye pesa, anakupa kidogo leo, na siku ya mavuno gunia ni lake. Serikali imekataza lakini shida huwa haisomi matangazo. Nikamwambia hiyo naijua vizuri, kwetu iko kwa simu: mwezi haujafika katikati na mshahara nimeshaula kwa mikopo, siku ukiingia unapita tu kwangu ukisalimia. Akaniangalia na huruma ya kweli. "Kumbe na ninyi mnalimiwa."

Tulirudi jua likishuka upande wa Rwanda, vumbi jekundu limetupaka hadi kope. Tisheti yangu ya kijani ilikuwa na rangi ya matofali, na MISHENI ilibaki MI na kitu kama N. Tukamaliza mashimo ya mwisho kwa tochi ya simu, ile iliyokuwa imetolewa kwa kanga. Kumi na manne! Tukajipanga mbele yake, tukajipiga picha, mikono mabegani, meno nje. Manzi wa kamera alikuwa tayari anaandika maneno ya kuweka chini.

Mama akatoka jikoni. Akachukua ufito, akaupima kwa mkono wake hadi mahali alipoweka alama, halafu akaanza na shimo la kwanza. Akautumbukiza katikati, akautoa, akautazama. Akapima huku, akapima kule. Akaenda la pili. Sisi tukimfuata nyuma na tochi, kimya kama watu wanaongoja majibu ya mtihani. Kwa lile la msee wa gitaa alikaa sana, akapima mara mbili, akatikisa kichwa kidogo, akaendelea.

Alipofika mwisho alifuta ufito kwa kanga.

"Tisa ni mazuri," akasema. "Haya matano mtayarudia kesho. Sasa njooni mnawe."